Bi Digidigi Aliyesema Kweli Mara Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbaazi mbichi!

Ya nani?

Ya aliyeuliza kwanza.

Na mbaazi kavu?

Ya asiyesikia.

Basi sogeeni, mlio nyuma msikie. Mwenye kutafuna atafune polepole.

Hapo kale palikuwa na shamba lisilo na mwenyewe. Watu waliolilima walihama kufuata maji. Walibeba vyungu, walibeba kuku, walibeba hata mlango wa nyumba. Mibaazi hawakuweza kuibeba. Mibaazi ikabaki, ikadondosha mbegu, mbegu zikaota, mpaka shamba likawa kichaka. Mbaazi una mzizi mrefu. Kiangazi kikija, majani yakikauka bonde zima, kichaka kile hubaki kijani.

Ndani ya kichaka hicho aliishi Bi Digidigi na mumewe. Mnamjua digidigi? Ni swala mdogo, mdogo sana, mwenye miguu kama vijiti vya mishikaki na pua inayochezacheza. Akitembea, ti ti ti. Akishtuka, ti-ti-ti-ti-ti, hayupo.

Mwaka huo Bi Digidigi alikuwa na mimba. Mvua zilikuwa zinaishia. Alihesabu miezi, akatazama mibaazi, akasema, "Chakula kipo. Mtoto atazaliwa mvua zikirudi."

Siku moja asubuhi, pu! Pu! Pu! Ardhi ikatikisika. Akaja Kifaru.

Mgongoni mwa Kifaru alikaa ndege mwenye mdomo mwekundu, yule aitwaye Askari wa Kifaru. Kazi yake kula kupe. Kazi yake ya pili kusema ndiyo.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Digidigi.

"Marahaba. Kichaka hiki ni cha nani?"

"Tunaishi sisi humu, mzee."

"Sikuuliza nani anaishi. Chawa huishi kichwani, kichwa si chake. Kichaka hiki ni changu."

"Kweli tupu, mzee!" alisema ndege.

Bwana Digidigi alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya mkewe. Mkewe alikuwa mwembamba, kwa hiyo alionekana mwili mzima.

"Ni chako, mzee," alisema Bi Digidigi. "Lakini mimi nina mimba, na kiangazi kikija, nje ya kichaka hiki hakutabaki jani. Tuache tule utakachokikataa. Wewe chagua kwanza. Sisi tutakula kilichobaki."

Kifaru akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. Kisha akasema, "Vizuri. Mkubwa huchagua kwanza. Niambie, wewe mwenyeji, kitamu humu ni kipi?"

Bi Digidigi akajibu, "Nitakwambia kweli, mzee. Usile machipukizi."

"Kwa nini?"

"Yana walinzi."

Hapa, watoto, lazima niwaeleze. Mmea hauna miguu ya kukimbilia. Hauna pembe, hauna meno. Basi hujitengenezea walinzi ndani ya majani yake. Walinzi hao hawashiki mkuki wala rungu, na ni wadogo kuliko vumbi. Shuleni siku hizi huitwa protini za kujikinga. Na kazi yao ni hii. Ndani ya kila tumbo mna mpishi, ambaye hukipika upya kile ulichomeza ili mwili upate nguvu. Mlinzi akiingia tumboni, humshika mpishi mikono yote miwili. Chakula kinaingia, chakula kinapita, na mwili haupati kitu. Mwenye tumbo anashiba upepo.

Lakini mlinzi naye anakula. Mmea ukiweka walinzi kila mahali kila siku, hautabaki na chakula cha kurefukia. Kwa hiyo huwapanga kwa akili. Huwapeleka penye thamani, na huwahamisha kadiri unavyokua.

Bi Digidigi alijua hayo yote. Mama yake alimfundisha, na tumbo lake likathibitisha.

"Chipukizi ndilo kesho ya mti," alimwambia Kifaru. "Likiliwa, mti umekwisha. Ndiyo maana walinzi wengi wako pale. Majani makuukuu ya chini yameshafanya kazi yake, mti hauyalindi sana. Kula hayo, mzee. Machipukizi tuachie sisi."

Kifaru akayatazama majani makuukuu. Yalikuwa na vumbi, na mengine yalikuwa na matobo. Akayatazama machipukizi. Yalikuwa laini, yaking'aa kwa umande.

Akacheka, hoh, hoh, hoh!

"Mimi nile majani ya vumbi, wewe ule laini? Kijitu kidogo, hila kubwa! Machipukizi yote ni yangu. Majani ya chini, chukua wewe."

"Nimekwambia kweli, mzee."

"Na mimi nimesikia."

Kifaru ana mdomo wa juu uliochongoka kama kidole. Akaanza upande wa magharibi wa kichaka. Nyofu! Akanyofoa chipukizi. Nyofu! La pili. Nyofu, nyofu, nyofu, mpaka jioni.

Kesho yake tumbo likasema: guru-guru-guru. Likanyamaza. Likasema tena: guru-guru-guru... pwuuuu!

"Nini hicho?" akauliza Kifaru.

"Ngurumo, mzee," alisema ndege, akiziba pua kwa bawa. "Nadhani mvua inarudi."

Lakini mvua haikurudi. Kifaru alikula machipukizi siku ya pili, siku ya tatu, siku ya saba. Kadiri alivyokula, ndivyo alivyosikia njaa. Upande wa mashariki, Bi Digidigi na mumewe walikula majani makuukuu. Majani mawili, hatua tatu. Majani mawili, hatua tatu. Tumbo la Bi Digidigi likakua, na halikusema guru hata mara moja.

"Mke wangu," alinong'ona Bwana Digidigi, "kwa nini humdanganyi? Mwambie machipukizi ni matamu!"

"Nikimwambia ni matamu, atajiuliza kwa nini nampa. Nikimwambia ni mabaya, atayala yote."

"Na siku akikuamini?"

Bi Digidigi akaacha kutafuna. "Siku hiyo tutakufa njaa, mume wangu. Lakini Kifaru hajawahi kumwamini mtu ambaye kichwa chake hakifiki gotini kwake."

Mwezi ukapita. Kiangazi kikaingia. Kifaru akaja, pu, pu, pu, lakini pu zake zilikuwa zimepungua uzito.

"Machipukizi sitaki tena," alisema. "Nataka majani makuukuu."

"Kweli tupu, mzee!" alisema ndege.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Digidigi. "Majani makuukuu ni mema, ila usiyale ya magharibi, kwenye miti uliyokwisha kuiuma."

"Kwa nini?"

"Nitakwambia kweli. Mti ukiumwa hutuma habari ndani yake. Jani la juu linaliambia tawi, tawi linaliambia jani la chini: tumevamiwa. Ndipo mti unaita walinzi wapya, hata kwenye majani makuukuu yasiyokuwa nao. Tazama, miti yako imedumaa. Chakula chake chote kinalisha walinzi. Njoo huku mashariki ule kama sisi. Majani mawili, unaondoka. Majani mawili, unaondoka. Kabla habari haijafika, wewe umeshafika mti mwingine."

Kifaru akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

"Kwetu sisi vifaru," alisema, "mkubwa hahami sahani. Pale alipoketi ndipo anapoketi mpaka aone kitako cha sahani. Anayehama-hama ni ombaomba. Baba yangu hakuhama, babu yangu hakuhama."

"Babu yako alikufa kwa nini, mzee?" aliuliza Bwana Digidigi kutoka nyuma.

"Tumbo. Lakini hakuhama!"

"Kweli tupu!" alisema ndege.

"Na nyinyi nimewajua. Mnataka niache sahani yangu ya magharibi, nigeuze mgongo, muivamie. Magharibi yangu! Mashariki yenu! Mti niliouanza nitaumaliza."

"Nimekwambia kweli, mzee."

"Na mimi nimesikia."

Akarudi magharibi, akasimama mbele ya mbaazi mmoja, akala. Krau, krau, krau. Alipomaliza majani akala vijiti. Alipomaliza vijiti akahamia mti uliofuata, ambao nao aliuuma mwezi uliopita.

Tumbo likasema: guru-guru-guru. Guru-guru-guru... pwuuuuu! Nzi waliokuwa juu yake wakaanguka.

"Ngurumo," alisema ndege. Safari hii hakutaja mvua.

Mbavu za Kifaru zikaanza kuhesabika, mpaka akaiacha mibaazi, akawa anatafuna miiba mikavu ya bondeni. Watoto wa nyani walikaa mbali wakazihesabu kweli, wakabishana kama ni kumi na tano au kumi na sita. Upande wa mashariki, ti ti ti, majani mawili, hatua tatu. Miti ya mashariki haikupata muda wa kushtuka. Ikarefuka, ikatoa maua ya manjano, na maua yakawa maganda.

Sasa ikabaki miezi miwili mvua zirudi. Bonde lilikuwa jeupe kama unga. Maganda yakakauka juu ya mibaazi, na upepo ukivuma yakalia: chaka-chaka-chaka.

Kifaru akaisikia sauti hiyo. Akaja. Pu. Pu.

"Hizo zinazolia ni nini?"

"Mbaazi, mzee," alisema Bi Digidigi. "Mbegu."

"Nzuri?"

"Nitakwambia kweli. Ni mbaya kuliko zote. Mbegu ni mtoto wa mti. Tangu ganda lilipojaa, mti umekuwa ukiwahamishia walinzi humo. Mbegu ilivyozidi kukomaa, ndivyo walivyozidi kujaa. Sasa zimekauka, na wamebanana humo kama watu kwenye ngoma. Wanadamu huzichemsha kutwa nzima ndipo wazile, na hapo moto umeshawaua walinzi. Wewe huna sufuria, mzee. Kula majani. Sasa hivi majani ni salama, hata yaliyobaki magharibi, maana umemaliza wiki nyingi hujayauma na walinzi wameachishwa kazi."

Kifaru akafungua kinywa kucheka. Kisha akakifunga.

"Mara ya kwanza," alisema polepole, "ulisema machipukizi ni mabaya. Nikala."

"Ndiyo, mzee."

"Nikaumwa. Mara ya pili ulisema majani ya magharibi ni mabaya. Nikala. Nikaumwa."

"Hapo alisema kweli, mzee," alisema ndege.

"Nyamaza! Sijakuuliza!" Lakini Kifaru aliendelea kufikiri. Akainamisha kichwa kuelekea majani. Mdomo wake uliochongoka ukagusa jani moja. "Labda," alisema, "labda kijitu hiki..."

Nyuma ya mkewe, Bwana Digidigi akafumba macho. Kila mtu alielewa. Kifaru akigeukia majani, kichaka kitakwisha kwa siku kumi. Mbegu, digidigi hawaziwezi. Na mtoto alikuwa tumboni.

Bi Digidigi akapiga magoti. Miguu yake minne ikakunjika, pua yake ikagusa vumbi.

"Ahsante, mzee!" alilia. "Ahsante kwa kuniamini! Naapa kwa mtoto huyu wa tumboni, zile mbegu usiziguse. Naapa kwa mama yangu. Naapa kwa kwato zangu zote. Niamini, mzee wangu, niamini, nakusihi niamini!"

Kifaru akainua kichwa.

"Mbona unaapa sana?"

"Kwa sababu ni kweli, mzee!"

"Mbona unalia?"

"Kwa sababu nataka uniamini!"

"Aha!" Kifaru akapiga mguu chini, pu! "Sasa nimeiona hila. Mara ya kwanza ulisema kweli. Mara ya pili ulisema kweli. Kwa nini? Ili mara ya tatu nikuamini, ndipo unidanganye! Hila ya zamani! Uliniuzia kweli mbili ununue uongo mmoja!"

"Kweli tupu!" alisema ndege kwa furaha, maana haya yalikuwa maneno mazito.

"Mbegu zote ni zangu. Mashariki na magharibi! Nyinyi mtakula majani."

"Ole wetu," alisema Bi Digidigi. "Majani yote, mzee?"

"Yote. Mpaka moja la mwisho!"

Kifaru akazila mbegu. Chaka-chaka, akayavuta maganda. Hakutafuna, alikuwa na haraka asije digidigi akabadili mawazo. Alimeza. Alimeza asubuhi, alimeza mchana, alimeza mpaka mibaazi ikanyamaza.

Kesho yake tumbo halikusema guru-guru. Tumbo lilisema: guuuuuuuuu.

Likavimba. Likavimba mpaka miguu yake ikaonekana mifupi. Alipojaribu kulala alibingirika, alipojaribu kusimama alibingirika upande wa pili. Ndege alipanda kwa mguu mmoja, akashuka kwa mwingine.

Kisha likatoka: PWUUUUUUU!

Nyani wakaruka kutoka mitini. Kongoni wakageuza njia. Ndege akatupwa hewani. Alipokuwa hewani akatazama chini, akamwona Kifaru, akamwona na nyati aliyekuwa akipita na mgongo wake mnene wenye kupe wengi. Akatua kwa nyati.

"Kweli tupu, mzee!" alimwambia nyati, ambaye hakuwa amesema lolote.

Kifaru aliondoka bondeni siku hiyohiyo, akielekea vilimani. Alikwenda hatua kumi, pwuu, akaacha kinyesi. Hatua kumi, pwuu, akaacha kingine. Njiani alikutana na kobe.

"Vipi, mzee, umehama? Nilisikia una kichaka kizuri," alisema kobe.

"Sikuhama," alisema Kifaru. "Natembea tu. Lile bonde lina jua kali. Jua la kule linavimbisha tumbo."

Ndipo waliosikia wakaongeza maneno kwenye methali. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na Kifaru akikosa masikio, naye husingizia jua lilelile.

Bi Digidigi na mumewe walikula majani miezi miwili. Majani mawili, hatua tatu. Mvua ziliporudi, mtoto akazaliwa, wa kike, masikio makubwa, miguu kama njiti za kiberiti.

Mvua haikumleta mtoto huyo peke yake. Zile mbegu alizozimeza Kifaru bila kutafuna, nyingi hazikusagika. Zilikaa ndani ya kinyesi, zikapata mbolea, zikapata maji, zikachipua. Kutoka kichakani mpaka vilimani ukatokea mstari wa mibaazi, mbaazi mmoja kila hatua kumi za Kifaru. Mti usio na miguu ulikuwa umetembea mpaka vilimani.

Mtoto alipoanza kula majani, mama yake alimpeleka matembezini kwenye mstari ule. Ti ti ti. Wakafika kwenye mbaazi mchanga, umeota vizuri. Juu kulikuwa na chipukizi laini, liking'aa kwa umande. Chini kulikuwa na majani mawili ya vumbi.

"Mwanangu," alisema Bi Digidigi, "usile la juu. Lina walinzi. Kula ya chini."

Mtoto akatazama juu. Akatazama chini. Akamtazama mama yake.

"Mama," alisema, "unataka ulile wewe."

Bi Digidigi akavuta pumzi ndefu. Angeweza kuapa. Angeweza kulia. Lakini alikuwa amekwisha kuona mambo hayo humfikisha wapi msikilizaji.

"Kula, mwanangu," alisema.

Nyofu!

Wakakaa chini wakangoja, mama na mwana. Haukupita muda mrefu.

Guru-guru-guru.

"Mama?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Hiyo ni ngurumo?"

"Wewe unaonaje?"

Mtoto akafikiri. Kufikiri kwake hakukuchukua muda.

"Majani ya chini yako wapi?" akauliza.

Fundisho la ngano hii, watoto, ni moja tu, na mlishike vizuri: mkubwa hakosei kamwe. Tumbo likimuuma, ni jua.

Ngano imepikwa, imepakuliwa. Pale palipolainika kuleni nyote. Palipobaki na walinzi niachieni mimi, tumbo langu limeshazoea.